Fensi nyeupe pale Charlotte Street

Hii ni hotuba niliyotoa Jumapili kwenye kikao chetu cha Waswahili tunaoishi Bronx, hapa jijini New York, na jirani zake. Wengi mlikuwa zamu kazini mkaniomba niiweke yote, haya basi, nimeiandika vile vile nilivyoongea. Picha za ukutani nimeziruka maana hata projekta yenyewe ilizima katikati, waliokuwepo wanajua.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Wadogo zangu mambo zenu. Naona wengine bado mnamalizia pilau, endeleeni tu, mdomo unakula masikio hayali.

Nianze na swali. Nani hapa anapanda treni namba 2 au namba 5? Inueni mikono. Eeh, karibu wote. Sasa nani ameshawahi kushuka stesheni ya 174, akatembea kidogo kuelekea Crotona Park, akafika mtaa unaitwa Charlotte Street? Watatu. Wanne. Sawa. Nyie wanne mtanisaidia, maana wenzenu watadhani natunga.

Mimi nilifika pale kwa sababu ya kazi. Mnajua mi ni fundi bomba, mwaka wangu wa pili hapa bosi akanipa anwani, akasema nenda kaangalie boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, ya mama mmoja mtu mzima. Nimeshuka kwenye treni, hii inayopita juu kwenye nguzo na kelele zake zote, pembeni maghorofa ya matofali, duka la kona, mziki unapigwa, Bronx kama mnavyoijua. Nakata kona, jamani, nikasimama. Nyumba za chini. Nyumba ya familia moja, ina majani mbele, ina fensi, ina sehemu ya gari, halafu nyingine hivyo hivyo, na nyingine. Nikasema mbona nimefika New Jersey, jimbo la jirani, bila kuvuka daraja? Nikatoa simu kuhakikisha anwani. Kweli ilikuwa penyewe.

Sasa swali langu la leo ni hilo tu. Nani aliweka nyumba za saburbani, zile za vitongoji vya nje ya jiji, katikati ya Bronx, na kwa nini? Na kuna lingine ndani yake, je alikosea?

Kabla ya kujibu lazima tujue pale palikuwa na nini. Palikuwa na maghorofa, majengo ya ghorofa tano sita, yamejaa watu. Wayahudi kwanza, baadaye Wapuerto Rico na Wamarekani weusi. Halafu yakaunguka. Naposema yakaunguka msifikirie nyumba moja mbili. Kati ya 1970 na 1980 kuna kata saba za sensa, yaani vile vieneo vidogo vya kuhesabia watu, hapa Bronx zilizopoteza zaidi ya asilimia 97 ya majengo yake, kwa moto na kwa kutelekezwa. Tisini na saba! Yaani katika nyumba mia zimebaki tatu. Bronx nzima ilikuwa na watu kama milioni 1.47 mwaka 1970, miaka kumi baadaye wako milioni 1.17. Watu laki tatu wameondoka, na hakukuwa na vita.

Nani alichoma? Mtaani mtaambiwa wapangaji wenyewe, ati hawajistahi. Jamani tusikubali hadithi rahisi. Miaka ya 1930 serikali ilichora ramani, mitaa ya watu kama sisi ikapakwa rangi nyekundu, maana yake mabenki msikopeshe hapa. Baadaye Robert Moses, mkubwa wa ujenzi wa jiji, akapasua barabara kuu, haiwei ya Cross Bronx, katikati ya makazi ya watu, East Tremont peke yake familia zaidi ya elfu moja zikahamishwa. Mwisho wa miaka ya 60 ikafunguliwa Co-op City kule juu, nyumba zaidi ya elfu kumi na tano, wenye kipato cha kati wakahamia huko. Mwenye nyumba aliyebaki huku anakusanya kodi ndogo, benki haimkopeshi, jengo halimlipi, lakini bima ipo. Mmeshaelewa. Analipwa zaidi jengo likiungua kuliko likisimama. Na wakati huo huo jiji limefilisika linafunga vituo vya faya kwenye mitaa ile ile inayoungua! Hivi hapo wa kulaumiwa ni mtoto mwenye kiberiti tu?

Jiji likafanya nini? Hii naipenda kuisimulia kwa sababu ukiisikia unaweza kucheka na kulia pamoja. Mwaka 1983 walichukua majengo yaliyotelekezwa yanayoonekana ukiwa unaendesha gari Cross Bronx, yale madirisha matupu meusi wakayabandika stika. Stika! Stika za mapazia, stika za vyungu vya maua. Ili mtu anayepita kwenda Connecticut aone kama kuna watu wanaishi. Ndani hakuna mtu, hakuna sakafu, kuna panya, lakini dirishani kuna ua zuri. Mi nasema kama kuna mtu anataka kujua serikali ikichoka inafananaje, ni ile stika.

Haya turudi Charlotte Street. Tarehe 5 Oktoba 1977 Rais Jimmy Carter alikuja New York kwa mambo ya Umoja wa Mataifa, msafara ukageuza ukaja Bronx bila kutangazwa, akashuka akatembea pale kwenye kifusi. Picha ikazunguka dunia nzima. Rais wa nchi tajiri kuliko zote amesimama kwenye kiwanja cha matofali yaliyovunjika. Ahadi zikaanza. Ukaja mpango wa kujenga fleti mia saba na kitu pale pale. Mnajua uliishia wapi? Bodi ya jiji ikaupiga chini Februari 1979. Zaidi ya mwaka wa maneno, tofali hakuna.

Agosti 1980 akaja Ronald Reagan, anagombea, kasimama kiwanja kile kile. Akasema hajaona kitu kama hicho tangu London baada ya mabomu ya Wajerumani. Nyuma yake ukutani msanii John Fekner alikuwa amepiga maandishi makubwa, "ahadi zilizovunjwa", kwa Kiingereza na kwa Kispaniola, na wakazi wanamzomea, naye akawapigia kelele kwamba hawezi kuwafanyia lolote kama hawajamchagua. Basi akapanda gari. Marais wawili, kiwanja kimoja, na majani yanaota.

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri, hata wa pilau, weka kijiko chini.

Wakati hao wakubwa wanakuja na kuondoka, kuna mama alikuwa hajaondoka. Anaitwa Genevieve Brooks. Katoka South Carolina, mtu wa shamba, kaja Bronx kama sisi tulivyokuja. Akaanza na jengo lake mwenyewe, wapangaji wakae pamoja, wafagie, wakabane na mwenye nyumba. Wakaenda jengo la pili. Mwaka 1974 makanisa na vikundi vya pale wakaungana, jina walilojipa ni Mid-Bronx Desperadoes, yaani watu waliofika mwisho wa kukata tamaa hawana cha kupoteza. Jina la genge la sinema za farasi, kumbe ni akina mama wa chekechea na watu wa kanisa!

Na mtu wa upande wa serikali alikuwa Ed Logue. Huyu naye ana kisa chake. Huyu ndiye aliyevunja na kujenga New Haven, akavunja na kujenga Boston, akaja jimbo la New York akaongoza shirika la kujenga nyumba, maghorofa kwenda juu, mpaka 1975 shirika likashindwa kulipa madeni na yeye akaondoka. Mtu wa zege, mtu wa mnara. Ndiyo huyo kaletwa South Bronx mwaka 1978. Ungetegemea ajenge nini? Akajenga vibanda vya chini vyenye fensi nyeupe ya mbao.

Kwa nini? Kwa sababu safari hii walianza na watu waliobaki pale, wakawauliza mngeweza kununua nini. Hawakusema fleti. Nyumba ndogo ya chini, vyumba vitatu, basement, uwanja. Ile nyumba ambayo mtu mweusi au Mpuerto Rico alikuwa anaiona kwenye tivii na akienda kuulizia kule saburbani anaambiwa imeshachukuliwa.

Basi 1983 nyumba za mfano zikaja. Zilitengenezwa kiwandani zikaletwa kwenye trela, nusu kwa nusu, wanaziunganisha pale pale. Watu wamesimama pembeni wanaangalia nyumba inashuka kwenye lori. Zikafika karibu 90, mtaa ukaitwa Charlotte Gardens, ziliuzwa karibu dola 50,000 kwa msaada mkubwa wa ruzuku, na watu walijipanga kuomba. Desemba 1997 akaja Rais wa tatu, Clinton, yeye akakuta majani yamekatwa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana najua kuna vijana hapa wamesoma mipango miji na wananiangalia kwa jicho baya tangu dakika kumi zilizopita. Mnasema, mzee, stesheni iko pale, treni mbili zinapita, maelfu ya watu walikuwa wanaishi pale, nyie mmeweka familia 90? Hamuoni huo ni ubadhirifu wa ardhi? Na leo nyumba moja pale inauzwa laki kadhaa za dola wakati watu wanalala kwenye shelta?

Nawajibu hivi. Hesabu yenu ni sahihi kabisa. Ila ni hesabu ya leo.

Mwaka 1983 swali la mtaa ule halikuwa "tutawaweka wapi watu wote hawa?" Swali lilikuwa "nani atakubali kuja kulala hapa usiku?" Hakuna benki, hakuna mwekezaji, hakuna hata muuza maziwa. Maghorofa yalikuwepo, matupu, yana stika! Nyumba kwenda juu inahitaji mtu mwingine aitunze, alipe lifti, alipe boila, na mtu huyo mwingine ndiye yule yule aliyechoma. Watu walishaumwa na nyoka, jamani, wewe unawaletea ukuti. Fensi ile haikuwa ya kuzuia mwizi, mwizi anairuka kwa mguu mmoja. Ilikuwa inasema tu kwamba hapa ndani kuna mwenyewe, na hatoki.

Yule mama mwenye boila nilimuuliza. Nikamwambia mama samahani, hamjisikii wapweke, mbona hakuna mtu nje? Maana kitu kimoja kilikuwa kinanikera na mpaka leo kinanikera, hakuna baraza. Sisi tumekulia nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, mbele kibaraza, mtoto wa nani amepita unajua, nani amenunua samaki unajua. Hapa kila mtu na majani yake. Akanicheka, akasema yeye alikaa barabarani miaka ishirini bila kupenda, ngazini, kwenye foleni, nje ya jengo linaloungua usiku na koti juu ya gauni la kulalia. Alichokuwa anataka ni kukaa ndani. Nikanyamaza nikafunga boila. Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Ila nisiwadanganye. Zile nyumba 90 hazikuijenga Bronx. Kuna watu wanasimulia kama vile fensi ilifanya muujiza, hapana. Bronx ilijengwa zaidi na mpango wa Meya Koch ulioanza 1986, zaidi ya dola bilioni 5, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kukarabati yale yale maghorofa ya zamani, kutoa stika kuweka dirisha, vikundi kama cha Mama Brooks vikikabidhiwa kuyaendesha. Mimi nimefanya kazi kwenye mabomba ya majengo hayo, nyingi ya nyumba mnazokaa nyie hapa ni hizo. Charlotte Street ilikuwa picha. Lakini baada ya ile picha ya Carter, picha nyingine ilihitajika, tusiidharau.

Twende Brooklyn, upande mwingine wa jiji hili hili, haraka haraka, nikiangalia saa na mwenyekiti ananiangalia mimi.

Brownsville na East New York, hali ile ile, moto ule ule. Kule walioanza ni makanisa, muungano wa East Brooklyn Churches, Wabaptisti, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, na wao wakaja na hela yao mezani. Mamilioni ya dola, mkopo bila riba, unajenga nyumba, unauza, hela inarudi unajenga nyingine. Nyie wa upatu mnaelewa hii kuliko mtu yeyote, ni mchezo tu, umekuwa mkubwa! Wakaita Nyumba za Nehemia, kwa ajili ya yule aliyerudi kujenga kuta za Yerusalemu. Jiji likatoa ardhi kwa bei ya kutupa, na kila nyumba mkopo wa dola 10,000 usio na riba. Mjenzi wao I.D. Robbins, mzee mstaafu mbishi, alikataa kujenga mbili tatu. Alisema nipeni mtaa mzima, nipeni elfu. Nyumba zimeunganishwa kwa safu, matofali, futi 18 upana, ghorofa moja juu. Sio nzuri, niseme ukweli, ukiziona zimepangwa kama sabuni za mche dukani. Lakini wanunuzi wengi walitoka nyumba za serikali za jirani, hawakuondolewa mtaani kwao, walivuka barabara tu wakawa na hati. Na zilifika elfu, zikapita.

Sasa kisa cha mwisho, ndiyo kinachonifanya niwasumbue leo na sio mwaka jana.

Melrose, hapa hapa Bronx, sio mbali na Yankee Stadium. Mwanzo wa miaka ya 90 jiji likaja na ramani mpya nzuri. Nyumba mpya, watu wa kipato cha kati, uwanja mkubwa wa kijani. Tatizo dogo tu, kwenye ile ramani bado kuna watu wanaishi. Wale waliovumilia moto, hawakukimbia, sasa mambo yanaanza kunyooka wanaambiwa asanteni, pisheni.

Mnaona swali lilivyogeuka? Miaka kumi tu. Kutoka "nani atakubali kuja" mpaka "nani ataruhusiwa kubaki". Dawa ile ile ya fensi na majani, iliyomponya mgonjwa wa 1983, ukimpa wa 1993 unamtoa kitandani kwake.

Kulikuwa na mama mwingine, marehemu Yolanda Garcia, familia yake ilikuwa na duka la mazulia. Yeye na wenzake wakaanzisha kikundi wakakiita Nos Quedamos, kwa Kispaniola maana yake "tunabaki". Neno hilo tu. Wakakaa vikao mpaka watu wakachoka kuhesabu, wasanifu wakaletwa kukaa na wakazi meza moja, ramani ikachorwa upya, 1994 ikapitishwa. Na sikilizeni hii, hao wakazi ndio waliosema tujengeni kwenda juu! Walipiga hesabu yao, tukitaka tubaki wote na wengine waingie, nyumba za chini hazitutoshi. Uwanja mkubwa wa kijani wakaukataa, wakasema utakuwa wa wauza unga, tupeni midogo midogo tunayoiona tukiwa dirishani. Mwaka 2012 likakamilika jengo la Via Verde pale pale Melrose, nyumba 222, linaanza chini kabisa kama nyumba za kawaida, linapanda ngazi kwa ngazi mpaka mnara wa ghorofa 20, na juu ya paa kuna miti ya matufaha na mboga. Nimepanda, nimeona. Majani yapo, ila yako darini.

Kwa hiyo nyie vijana wa mipango miji na mimi tunagombania nini? Mama Brooks alitaka ya chini, Mama Garcia alitaka ya juu, na wote wawili walikuwa sahihi, kwa sababu wote wawili walikuwa wanaishi pale wakati wanasema. Kikao cha kuchora ramani walikaa wao. Ukiniuliza mimi, Charlotte Street ikijengwa leo kwa fensi ni kosa, na 1983 ikijengwa mnara ungeungua. Sasa kuna wanaosema zile nyumba 90 zivunjwe zijengwe fleti, kwa sababu ya treni. Wenye mpango huo wanipigie kwanza niwapeleke kwa mama wa boila wakamwambie wenyewe.

Watu wa Dar mtanielewa. Wale wa Magomeni Kota, kaya 644, walivunjiwa, wakakaa miaka kwa watu wakisubiri, wakarudi kwenye maghorofa mapya. Kila mmoja hapa ana ndugu au rafiki wa ndugu kwenye hizo 644. Mkiongea nao msiwaulize ghorofa ya ngapi. Waulizeni majirani ni wale wale?

Na sisi tuliomo humu je? Nimehesabu, wengi wetu tunapanga. Notisi za mikutano ya mtaa zinabandikwa pale chini kwenye laundri, kila mwezi, kuna bodi ya mtaa inakaa kujadili viwanja vipi vijengwe nini, mlango uko wazi kwa yeyote. Tumeenda wangapi? Mkono juu. Haya basi, hata mimi nimeushusha wangu. Tunasema tuko busy, zamu za usiku, Kiingereza hakijanyooka. Mama Garcia watu wake wengi walikuwa wanaongea Kispaniola tu.

Mwenyekiti ameshasimama, namaliza.

Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, saa nne ya Kiswahili msije na saa nne ya jioni, nipo stesheni ya 174 chini ya ngazi. Tunatembea Charlotte Street kwanza, kisha tunapanda basi mpaka Melrose. Watoto waje. Msipige picha madirisha ya watu. Mimi naleta chai ya tangawizi kwenye chupa kubwa, nyie leteni vikombe, na yule dada aliyepika hizi sambusa kama anasikia, najua anasikia, tafadhali.